V8 na Hilux zizuiwe kuingia katikati ya Arusha? Jibu kwa dada wa Stendi Ndogo

Kwanza wengine wajue umeuliza nini. Dada ana duka la vitenge maeneo ya Stendi Ndogo hapa Arusha, na kila siku mbele ya duka lake wanapaki watu wa V8 na Hilux dabo kebini mpaka mteja aliyeko ng'ambo ya barabara hajui kama pale kuna duka. Kasikia Paris wamepandisha bei ya paking kwa magari makubwa, anauliza kwa nini jiji letu nalo lisifanye hivo au liyapige marufuku kabisa katikati ya mji. Nyumbani kwake mwenyewe kuna Hilux, mumewe anabebea vitunguu vya Mang'ola, na mume anasema hayo maneno yote ni wivu wa watu wa bajaji. Mwisho anauliza kama ningekuwa mimi ningemshauri shemeji aiuze.

Jibu langu dada: marufuku hapana. Kulipisha kwa nafasi gari inayochukua, ndio, na tumechelewa. Na kuna jambo ambalo hukuliuliza, spidi na jinsi pua ya gari ilivyo juu kutoka chini, hilo mimi naliweka mbele ya yote na ntalieleza kwa kirefu kidogo, univumilie, ndo kazi yangu hii ya barabara za mijini.

Tuanze na hao Paris maana habari yao huku imefika nusu nusu. Walipiga kura tarehe 4 Februari 2024, waliosema ndio walikuwa asilimia 54 na kitu, ila waliojitokeza hawakufika hata asilimia 6 ya wapiga kura, kwa hiyo mtu akikwambia jiji zima lilikubali mwambie apunguze. Kuanzia Oktoba mosi mwaka huohuo gari ya mafuta au haibridi ikiwa na tani 1.6 kwenda juu, au ya umeme ikiwa na tani 2 kwenda juu, mgeni akiipaki barabarani katikati ya mji analipa yuro 18 kwa saa, kwa hela yetu ni zaidi ya 40,000, na akikaa masaa sita inafika yuro 225 maana bei inazidi kupanda kadiri anavokaa. Mkazi anayepaki kwenye eneo lake haguswi, fundi mwenye kibali haguswi, teksi haziguswi, walemavu hawaguswi. Umeona? Kwa kura hiyo hamna gari hata moja iliyozuiwa kuingia mjini, walichosema ni kwamba ukingo wa barabara ni mali ya wote na anayechukua kipande kikubwa alipe kikubwa. Ujerumani kuna mji mdogo unaitwa Tübingen, wenyewe wamewabana mpaka wakazi, kibali cha kupaki cha mwaka kwa gari nzito ni yuro 180 wakati gari ya kawaida ni 120. Na Washington, mji mkuu wa Marekani kwenyewe ambako ndo pikapu zilikozaliwa, gari binafsi ikipita ratili 6,000, yani kama tani 2.7, usajili wake ni dola 500 kwa mwaka.

Sasa ukiichukua ile ya Paris ukaishusha Sokoine Road kama ilivyo, wa kwanza kunaswa ni kifodi. Hiace tupu nyingi zinavuka hiyo tani 1.6, na kifodi kimebeba watu kumi na tano na wengine wameinama mlangoni, wakati Harrier ina mtu mmoja na kiyoyozi. Ndio utasema usafiri wa umma utasamehewa, sawa, halafu na gari za watalii zitaomba, na za mizigo ya sokoni, na za serikali, na za mashirika, mwisho wa siku utabaki unamlipisha daktari mmoja mstaafu wa Njiro. Ndo maana nasema uzito sio kipimo chetu. Kipimo chetu kingekuwa urefu, maana kinachokuumiza wewe mwenye duka ni mita za ukingo.

Hesabu yenyewe ni rahisi tu. IST ina urefu wa mita 3.85. Hilux dabo kebini ina mita 5.3. V8, namaanisha Land Cruiser 200, ina karibu mita 5 na upana wake ni sentimita 198 bila vioo vya pembeni, wakati IST upana ni 169. Chukua mita 100 za barabara, acha mita moja moja ya kutokea, zinaingia IST kama 20, Hilux 15 au 16. Hapo bado sijagusa upana, na kwenye mitaa ile ya zamani kama Goliondoi na zile za kuzunguka soko kuu upana ndo balaa, maana mwenye V8 akiogopa kuguswa kioo anapandisha tairi za kushoto kwenye njia ya miguu, mama mwenye mzigo kichwani anashuka barabarani, bajaji inamkwepa, na foleni imeanza. Halafu hela ya paking tunayolipa kwa kontroo namba inahesabiwa kwa muda. Muda tu. Kwa hiyo aliyekaa kwenye mita 5.3 na aliyekaa kwenye 3.85 wote mashine inawaona sawa, na hapo ndo pa kurekebisha, wala haihitaji Bunge wala kura ya maoni, inahitaji kuchora mistari ya paking yenye kipimo chini. Gari ikizidi mstari, imechukua nafasi mbili, inalipa mbili. Basi. Hakuna kubishana ni SUV au sio SUV.

Hapa shemeji ataleta ile hoja yake, na ni hoja halali: sisi tayari tunalipa zaidi. Kweli. Injini ikizidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa wakati wa kuingiza gari ni asilimia 10, kati ya 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, chini ya hapo hamna. Na ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, kwa hiyo anayekunywa mafuta mengi analipa mengi. Ila angalia hizo hela zinalipia nini. Ya kwanza ni kumiliki, ya pili ni kutembea. Gari iliyozimwa mbele ya duka lako kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa haichomi hata tone la mafuta, na ndo saa ambayo inakula nafasi ya watu.

Kuna hoja moja naomba muiache kabisa maana mnajiaibisha nayo mbele ya mainjinia, ile ya kwamba V8 zinaharibu lami. Haziharibu. Wamarekani walilipima hili jambo kwa kuendesha malori kwenye barabara za majaribio kule Illinois kati ya 1958 na 1960, wakakuta uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli, yani ukiongeza mzigo mara mbili uharibifu unaongezeka mara 16. Ekseli ya V8 inabeba kama tani 1.35. Ekseli ya lori inayobeba tani 10 ukiilinganisha na hiyo ni karibu mara 3,000. Elfu tatu! Ndo maana mizani ipo Makuyuni na Njia Panda na inashika malori na mabasi, haishiki Prado. Mashimo ya mjini kwetu ni maji ya masika yasiyo na mtaro na malori ya mchanga na kokoto, tuwaache wenye V8 kwa hilo.

Sasa nije kwenye pua.

Gari ndogo ikimgonga mtu mzima inampiga miguuni, mwili unalalia boneti, anaumia vibaya ila mara nyingi nguvu ya kwanza imeishia kwenye paja na nyonga. Gari yenye pua iliyo juu na iliyosimama wima kama ukuta inampiga tumboni au kifuani, na mtoto inampiga kichwani, na badala ya kurushwa juu ya boneti anasukumwa chini mbele ya gari ambayo bado inakuja. Taasisi moja ya Marekani, IIHS, inalipiwa na makampuni ya bima, kwa hiyo sio wanaharakati hao, ni watu wa kuhesabu hela, Novemba 2023 walitoa utafiti wa karibu watembea kwa miguu 18,000 waliogongwa. Walichokuta ni kwamba gari zenye boneti ya kuzidi inchi 40, yani kama mita moja kutoka chini, uwezekano wa kuua mtu zinapomgonga uko juu kwa asilimia 45 hivi kuliko gari yenye boneti ya inchi 30 kushuka chini na pua ya kuteleza. Watu haohao kabla ya hapo walikuta pikapu ndo zinazoongoza kugonga watu wakati zinakata kona ya kuvuka barabara, na wanahisi huenda ni kwa sababu ile nguzo nene ya pembeni ya kioo cha mbele inamficha mtu.

Mtoto wa darasa la kwanza ana urefu wa mita 1.1 na ushee. Boneti ya V8 na ya hizi pikapu mpya inamfika usoni. Akisimama karibu na bampa dereva hamuoni, awe mpole, awe mlevi, awe mchungaji, hamuoni tu. Na nani analeta hizo gari kwenye geti la shule saa moja kasoro asubuhi? Wazazi. Nenda barabara ya Njiro asubuhi yoyote ya shule ukaangalie, kila mtu kanunua gari kubwa ili mtoto wake awe salama, na hatari kubwa kwa mtoto ni gari ya mzazi mwenzake. Hilo la usalama wa waliomo ndani sikatai, tani 2.7 ikigongana na tani 1 anayeumia anajulikana, na ikigongana na bajaji ndo usiseme. Ila usalama unaoupata kwa kumuongezea jirani hatari, huo jiji lina haki ya kuuingilia.

Halafu spidi. Sikiliza hesabu hii dada maana inashangaza watu. Nguvu ya gari inayotembea inapanda kwa mraba wa spidi. V8 ya tani 2.7 ikiwa kilomita 30 kwa saa na IST ya tani 1 ikiwa kilomita 50 kwa saa, nguvu zao ziko karibu sawa, na ya IST inazidi kidogo. Na kwa mtu wa miguu uzito hauna tofauti kubwa hivo maana hata IST inamzidi mbali, kinachomuua ni spidi na umbo la kilichomgonga. Sheria yetu inaruhusu 50 sehemu za makazi. Kwa hiyo ukiniambia nichague kimoja kati ya kufukuza V8 zote mjini na kushusha spidi mpaka 30 kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kilombero na kwenye mageti yote ya shule, nachagua 30 bila kufikiri, kwa matuta na sio kwa kibao, kibao cha spidi Arusha kinasomwa trafiki akiwepo. Na sio ndoto, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend umefanya hivo kwenye shule za Dar, matuta, njia za miguu, nguzo fupi za kuzuia gari kupanda, vitu vya bei ya kawaida kabisa, mpaka 2019 wakashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Sisi tunasubiri nini sijui.

Na vile vyuma vya mbele, bulubaa. Kwenye gari inayolala Serengeti na kukutana na nyati usiku naelewa. Kwenye Hilux inayotoka Sakina kwenda benki, chuma kile kazi yake ni moja tu, kuhakikisha kwamba mtu aliyegongwa hapati hata ile nafuu ya bampa la plastiki linalobonyea. Umoja wa Ulaya tangu 2005 wana sheria kwamba visivyopita kipimo cha usalama wa waenda kwa miguu haviuzwi. Hapa vinachomelewa mtaani na vinapendeza. Kama kuna kitu kimoja ningekipiga marufuku mjini kesho asubuhi ni hicho, na wala hakihusiani na utajiri wa mtu.

Gari za watalii nazo watu wananiuliza sana. Zile Land Cruiser zilizokatwa zikaongezwa urefu na paa la kufunguka ndo mkate wa mji huu, mafundi wetu wanazitengeneza hapahapa, anayetaka zifukuzwe hajui nani anamnunulia mtoto wake daftari. Porini zinahitaji ule urefu na ule uzito. Ila mjini zinahitaji nini? Kuchukua wageni hotelini alfajiri, kujaza mafuta, kuchukua maji na lanchi boksi. Dakika ishirini. Tatizo linakuja dereva anaposubiri wageni masaa matatu huku gari imeziba barabara ya Boma. Hizo zipewe sehemu za kupakia zenye kikomo cha dakika na eneo la kusubiria nje ya katikati, tena kabla ya AFCON 2027, maana michezo imepangwa kuchezwa na hapa kwetu, tusipojipanga sasa itakuwa kilio.

Na serikali. Hapa ntasema taratibu. Ukisimama Mnara wa Saa siku ya semina ukahesabu mashangingi, nyingi zina namba za STL, SU au DFP, yani za serikali, mashirika ya umma na miradi ya wafadhili, halafu kuna za mashirika ya kimataifa maana tuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika hapahapa. Ukianzisha ada halafu hao wote ukawasamehe, shemeji atakuwa na haki ya kukasirika na mimi ntakuwa upande wake. London walianza kulipisha magari yanayoingia katikati ya mji 2003, na mpaka leo ubalozi wa Marekani umegoma kulipa, unasema hiyo ni kodi na mabalozi hawalipi kodi, deni limepita pauni milioni 14. Jiji linasema sio kodi ni malipo ya huduma. Kwa hiyo tukiandika sheria ndogo ya kwetu tuandike mapema kabisa kwamba ni malipo ya nafasi ya kupaki, huduma, na ofisi ya umma inalipa kutoka fungu lake kama inavolipa umeme.

Hoja ya wivu nimalizane nayo. Shemeji ana ukweli kidogo. Wengi wanaopiga kelele kuhusu V8 shida yao ni mwenye V8, wakipewa moja kesho kelele zinaisha. Na pia watu wananunua gari za juu kwa sababu njia ya kwenda kwao ni mbaya, masika ukienda Muriet au kule ndani Moshono na IST utaiacha kwenye tope ukatembee peku, sasa huyo mtu utamwambiaje anunue gari ndogo? Lami na mitaro ya mitaani ingepunguza gari kubwa kuliko ada yoyote, ila hiyo ni bajeti ya miaka na mlango wako umezibwa leo.

Kuhusu Hilux, asiuze. Njia ya Mang'ola inaitaka ile gari. Ila muoneshe hiki: bodi la Hilux dabo kebini lina urefu wa kama mita 1 na nusu, bodi la kirikuu lina karibu mita 2. Kirikuu yenyewe nzima kwa sheria ya Japani haizidi mita 3.4 kwa 1.48, injini haizidi cc 660. Yani gari ambayo ni fupi karibu mita mbili ina bodi refu zaidi, kwa sababu hamna viti vya nyuma na dereva kakaa juu ya tairi. Mzigo wake rasmi ni kilo 350 tu, najua hapa wanazidisha, wasizidishe, breki zake ni za kilo 350. Kwa hiyo Hilux ishushe magunia Kilombero alfajiri kabla mji haujaamka, kusambaza kwa wateja wa mjini akodi kirikuu, mafuta atakayookoa yanamlipa mwenye kirikuu na chenji inabaki. Na bulubaa alitoe, Unga Limited pale fundi anamaliza kabla ya saa sita mchana.

Mlango wako sasa. Usiende kulalamika kuhusu V8, ukitaja V8 watakuona mwanasiasa. Lalamika kuhusu njia ya miguu kuzibwa, hilo tayari ni kosa bila kujali ukubwa wa gari. Pigeni picha wewe na majirani asubuhi, mchana na saa kumi jioni, siku tofauti, andikeni barua moja msaini wenye maduka wote, nakala kwa mtendaji wa kata na nyingine TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, na muombe vitu viwili tu: nguzo fupi kwenye ukingo wa njia ya miguu, na mita kumi za kupakia na kushusha mzigo kwa robo saa. Mkiomba vitatu watawaambia mambo ya bajeti.